Mtu Anayeangushwa Kweli Ana Uzito

Ninyi mnaobaki ukumbini mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Sijasahau kitu. Goti la kulia ndilo lililostaafu, mimi nimelifuata tu. Lakini kama mnataka niandike vile wageni wanavyopenda, kwamba sisi ni watu wa kusikitisha tuliopata furaha kidogo, mmemwomba mtu asiyefaa. Nimefundisha shikana hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, tangu wakati ukumbi ulikuwa kivuli cha ukuta wa kanisa, na kwa muda wote huo kilichonisumbua zaidi hakikuwa vumbi wala njaa. Ilikuwa huruma ya watu.

Kwa asiyejua, shikana ni mchezo wa kupigana tulioushona wenyewe kwa vipande. Kuna kipande cha judo iliyokuja nasi kutoka Burundi na Kongo, kipande cha miereka ya vijijini, kipande cha karate, na mapigo ya gongo kwa wale wanaotembelea magongo. Anacheza asiyeona, asiyesikia, mwenye mguu mmoja, na mwenye viungo vyote pia, wote kwenye mkeka mmoja. Jina lilitoka kwa wachezaji, maana kila pambano linaanza kwa kushikana.

Mkono wangu wa kushoto unaishia kwenye kiwiko. Ulivyopotea si habari ya kazini, nitairuka. Kabla ya hapo nilikuwa mchezaji wa judo Rumonge, kwetu Burundi, na nilipofika Malawi niliamini judo imebaki huko pamoja na mkono. Sokoni watu walikuwa wakinitazama na kutikisa kichwa, wakisema hujafa hujaumbika. Walisema kwa upole, na kusema kweli walikuwa wakijihofia wao kuliko kunihurumia mimi. Nikawa nawajibu kwamba mimi nimeshaumbika, wao waendelee kusubiri. Mke wangu alisema ulimi wangu umechukua kazi ya mkono uliopotea.

Siku yangu ya kwanza kazini sikujua kama ni kazi. Nilipita nyuma ya kanisa nikaona watu wanne wamekaa juu ya turubai, wameshikana mashati kama wagomvi wa kilabu cha pombe. Mmoja wao alikuwa Fidèle, Mkongomani wa Bukavu, asiyeona tangu kuzaliwa, mwenye mabega ya mbeba magunia na hasira za mapema asubuhi ambazo hazikuisha hadi jioni. Alisikia viatu vyangu vimesimama.

"We mwenye kusimama pale, unaangalia sinema? Kuya ukae."

Nikakaa. Akaniambia nimpe mikono. Nikampa wa kulia. Akadai mwingine, nikamwambia haupo. Nilingoja aseme pole, kwa sababu kila mtu alisema pole. Fidèle akatafuta kiwiko changu kwa vidole, akakibonyeza huku na huku kama mama anayechagua mihogo sokoni.

"Hii iko muzuri," akasema. "Haina vidole vya kuvunja."

Halafu akanizungusha. Nilijikuta chali natazama mbingu, vumbi mdomoni, na nikacheka kwa mara ya kwanza tangu nivuke mpaka. Kesho yake nilirudi bila kuitwa.

Sheria zote mnazozijua ni za Fidèle. Mimi niliongeza chache na kupunguza matusi. Tunaanza tumekaa, na hakuna kuanza kabla mikono haijashika nguo ya mwenzako, ili asiyeona ajue uko wapi na asiyesikia ajue umeanza. Anayeweza kusimama anasimama tu kama mwenzake naye anaweza. Magongo, miguu ya bandia na viti vya magurudumu vinakaa nje ya mkeka, isipokuwa siku za mapigo ya gongo. Ukizidiwa unagonga mkeka au mwili wa mwenzako mara mbili, naye anaachia papo hapo. Vijana wazima walikuwa wanakuja na kifua mbele, wakisikia waanze kwa kukaa chini wananuna. Nilikuwa nawaambia mtaka cha uvunguni sharti ainame. Wengi waliinama. Waliobaki wima walikwenda kucheza mpira, na mpira ulifaidika.

Sheria kubwa kuliko zote ilikuwa kwamba hakuna kujiangusha ili kumfurahisha mwenzako. Hiyo Fidèle hakuitania. Aliwahi kumfukuza kijana mmoja hodari kabisa kwa sababu alijilaza mbele ya binti asiyeona, na binti akapigiwa makofi. Kijana akajitetea kwamba alitaka kumtia moyo.

"Ukianguka bure, umemuiba muntu vita yake," Fidèle akamwambia. "Mwizi hakai kwangu."

Nitasema kidogo kuhusu vifaa, maana najua baadhi yenu mtaviharibu. Mikeka yetu ya kwanza ilikuwa magunia ya mahindi tuliyojaza maganda makavu na vipande vya godoro, juu tukaifunika turubai. Masika maganda yanalowa na kuanza kunuka kama pombe ya kienyeji, na panya wanahamia na familia zao. Dawa yake ni kutoa kila gunia juani, kulipiga kwa fimbo, na kubadilisha maganda baada ya mavuno. Hata sasa mkiwa na mikeka ya kununuliwa, ipigeni vumbi. Vumbi jekundu la Dzaleka likikaa kwenye mkeka linachubua viwiko kama msasa, na mimi nilikuwa na kimoja tu kizima cha kubahatisha.

Fidèle alipata nafasi ya kuhamishiwa nchi ya baridi, akaondoka na mkewe. Asubuhi ya kuondoka alikuja ukumbini, akaniangusha mara ya mwisho, akasema nifundishe mimi. Hakueleza zaidi. Sikujua kama ni zawadi au adhabu, na nilitumia muda mrefu kuamua.

Mambo magumu hayakutoka kwa wachezaji. Yalitoka kwa wanaowapenda. Jumamosi nilikuwa napanda basi dogo kwenda Lilongwe kufundisha Mtandire, kwenye uwanja wa shule ya chekechea. Mama mmoja alimleta binti yake mwenye mkono uliopooza, akakaa pembeni, na kila binti akishikwa mama anasema pepani, pepani, neno la Wamalawi la pole. Binti akawa anapigana akimtazama mama badala ya mpinzani. Nikamtoa mama nje ya ua. Akalia, akaniita mkatili. Nilimjibu kwamba kama ukatili ni kumwacha mwanawe apigane, basi mimi ni mkatili na nina furaha. Baada ya muda yule binti aliacha kutazama pembeni, na mama akawa anatuletea maji. Lakini pepani hakuacha, alihamia kuwaambia wapinzani wa binti yake.

Sasa nije kwa Godeliva, kwa kuwa najua ndiye mnayetaka kumsoma.

Godeliva ni Mrundi wa kijijini. Polio ilimkamata akiwa mtoto, miguu yake haibebi mwili, anatembea kwa magongo mawili. Ni fundi cherehani, ana ile cherehani ya kuzungusha kwa mkono, na kwa miaka ya kuzungusha na kutembelea magongo amepata mikono ambayo kijana yeyote angeitaka. Nilimwita atutengenezee koti za mazoezi, kwa kuwa zile tulizokuwa nazo za mifuko ya unga zilikuwa zinachanika kwenye kola. Alizigeuza geuza, akacheka.

"Mwalimu, hizi banashonaka za kwenda kanisani. Mi nataka kuona bantu banakamataka wapi."

Nikamwambia akae kwenye mkeka aone. Aliweka magongo pembeni, akakaa, akashika kola ya Thierry. Thierry ni kijana wa Uvira, mzima wa viungo vyote, mbeba magunia sokoni. Kola ilitoka yote mikononi mwa Godeliva. Akasema hilo ndilo alilotaka kujua, akaomba kola nyingine, yenye nguvu kidogo. Koti alizotushonea baadaye zilikuwa na kola za kitambaa mara nne, ndizo mnazovaa mpaka leo. Na yeye hakuondoka tena.

Alijifunza haraka na kwa ubishi. Miguu haikumsaidia chochote, kwa hiyo alifanya kila kitu kwa kiuno, kifua na mikono. Akimpata mtu mkono anaukumbatia kifuani na kujiviringisha, na pale ndipo kufuli linapofungwa: kiwiko kinanyooshwa mpaka ugonge au kiumie. Niliwahi kumwambia abadilishe, kwa sababu kila mtu alishajua anachotafuta. Akaniambia kujua wajue, wazuie kama wanaweza.

Goti langu lilipoanza kugoma, nilisema wazi kwamba ukumbi nitamwachia Godeliva. Ofisi ya shirika lililotujengea paa na kutuletea mikeka iko City Centre, Lilongwe. Kule alikuwepo Bi Tiyamike, mwanamke mwema, aliyekuwa akija kututembelea na kuvua viatu bila kuambiwa. Alisita. Wakubwa wake walikuwa wanasema mwalimu lazima aweze kukimbia mtu akiumia. Afadhali Thierry, walisema, yule ni mzima. Nikamuuliza mimi nina mikono mingapi. Inaonekana kwa kipimo chao nilikuwa mzima wa kutosha.

Godeliva alikuwepo. Alisema mtu akiumia kwenye mkeka, yeye yuko palepale chini naye, wakati wengine bado wanatafuta viatu vyao. Bi Tiyamike akacheka, na mwishoni tukakubaliana: afanye mtihani kama mwalimu yeyote. Afundishe darasa, aonyeshe kuanguka, kisha apigane na mtu watakayemchagua wao. Akishinda, ukumbi wake. Akishindwa, ukumbi wa Thierry.

Mtihani ulifanyika kwenye kilabu kimoja cha judo Nsungwi, Lilongwe. Tulipewa ruhusa ya kutoka kambini, tukaenda watu kama basi zima. Darasa alilifundisha vizuri. Kuanguka alianguka vizuri. Mpinzani waliyemchagulia alikuwa mwalimu wa judo wa palepale Lilongwe, Bwana Chikondi, mtu mpana, mpole, mzee wa kanisa. Walikaa, wakashikana, mwamuzi akawagusa mabega. Godeliva akavuta, na Bwana Chikondi akaenda chini kama mlango uliofunguliwa. Akagonga mara mbili. Ukumbi mzima ukasimama kwa makofi. Bi Tiyamike alikuwa anafuta machozi na tayari ameshika mkanda wa ualimu mkononi.

Nilijua. Kila mchezaji wetu alijua. Na nikiri hapa sikutamani kusema kitu, nilitaka ule mkanda ufike kiunoni mwake twende nyumbani. Godeliva hakuamka. Alibaki amekaa katikati ya mkeka, makofi yakaanza kupungua, watu wakidhani ameumia. Bwana Chikondi akainama akamwambia pepani, mayi, yaani pole mama.

"Nani alikufa?" Godeliva akauliza kwa Kiswahili. Halafu akamgeukia mwamuzi. "Mi sikumuangusha huyu. Muntu mwenye kuangushwa iko na uzito. Huyu alikuwa mwepesi sawa nguo kwenye kamba. Huu mukaba siuvai. Akae chini tena."

Mwamuzi hakujua Kiswahili. Akanitazama mimi nitafsiri. Ningeweza kusema mama anashukuru sana, na Kichewa changu kingetosha kwa uongo huo. Nilitafsiri neno kwa neno, mpaka nguo na kamba yake.

Bwana Chikondi aliona haya mpaka masikio. Nilimheshimu kwa alichofanya baadaye: alifunga koti lake upya, akakaa, akamwinamia Godeliva, akamshika. Safari hii alishika kweli. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na Godeliva aliyaoga. Alipambana, mara mbili karibu apate mkono, lakini Bwana Chikondi ana uzito wa watu wawili na uzoefu wa miaka mingi. Akamlaza, akambana, na mwishowe Godeliva akagonga.

Hakuna aliyepiga makofi. Bi Tiyamike akarudisha mkanda kwenye mfuko.

Kwenye basi la kurudi watu walimkasirikia kuliko vile wangemkasirikia mwizi. Kitu kilikuwa mkononi mwako, walimwambia. Umetuaibisha mbele ya wenyeji. Kiongozi wa kwaya yake alimfundisha unyenyekevu kuanzia Nsungwi mpaka njia panda ya Dowa. Godeliva alikula muwa wake, anatema makapi dirishani. Thierry, aliyekuwa amekaa nyuma yake, ndiye pekee aliyenyamaza, na kila mtu alijua kwa nini. Sasa ukumbi ulikuwa wake. Tulipokaribia kambini akamgusa bega.

"Dada Goda, mi sitakudanganya. Ile kazi ninaitaka."

Godeliva akageuka, muwa mkononi.

"Unaitaka kabisa?"

"Kabisa."

"Muzuri," akasema. "Njo weye mwenye nilikuwa natafuta."

Kesho yake alinieleza. Bwana Chikondi hakuwa na cha kupoteza, kwa hiyo aliweza kumwonea huruma. Thierry alikuwa nacho. Thierry asingejilaza kwa ajili ya mtu, maana akilala, analala juu ya kazi yake mwenyewe. Alitaka nimwombee mtihani wa pili, na mpinzani awe Thierry.

Nilikwenda City Centre. Wakubwa wa Bi Tiyamike waliniambia jambo limekwisha, mama ameshindwa kwa hiari yake. Niliwaambia walimwekea mtu wa kujilaza, kwa hiyo mtihani wao ulikuwa wa uongo, na aliyewaambia ukweli walimwadhibu. Nikawaambia pia kwamba mpaka afanyiwe mtihani wa kweli, mimi sistaafu. Nitafundisha kwa goti moja, na likifa hilo nitafundisha nimekaa, sheria inaruhusu. Bi Tiyamike alisimama upande wangu mbele ya wakubwa wake, jambo ambalo halikuwa rahisi kwake, na namshukuru hapa. Wakakubali.

Pambano lilifanyika hapahapa Dzaleka, mchana, ukumbi umejaa na madirisha yamejaa vichwa. Wanaokwenda sokoni waliacha safari zao. Vijana wa kabaza waliegesha baiskeli na kuwasahau abiria. Thierry hakumtazama Godeliva usoni. Nilimwona anavyofunga mkanda wake mara mbili, na nikajua amekuja kushinda. Niliogopa kwamba nimempeleka mama wa watu kwenye aibu ya pili.

Wakakaa. Magongo ya Godeliva yakawekwa ukutani. Wakashikana, mwamuzi akawagusa mabega.

Thierry alimsukuma chali papo hapo. Hakuwa na adabu hata kidogo, na nilifurahi. Akamlalia kifuani kwa uzito wake wote, kichwa kimebana shavu la Godeliva kwenye mkeka. Kutoka dirishani watu wakaanza kuguna, kisha kupiga kelele. Thierry, huna haya? Thierry, yule ni mama. Muachilie, muntu mulemavu huyu. Godeliva alikuwa amegeuza uso kutafuta hewa, jasho na vumbi vimemfanyia tope kwenye paji. Mkono wake mmoja ulikuwa umenaswa. Mwingine ulikuwa unatambaa mgongoni mwa Thierry polepole, unakunja kitambaa cha koti, ile koti aliyoishona mwenyewe, mpaka ukafika begani, ukashuka, ukapata kifundo cha mkono.

Alijiviringisha. Thierry alijua kinachokuja, kama tulivyojua sote, na akajaribu kuutoa mkono. Haukutoka. Sasa yeye ndiye aliyekuwa ubavuni na mkono wake umekumbatiwa kifuani mwa Godeliva, umenyooka, na Godeliva ameegemea nyuma kwa kiuno chote. Lakini waliokuwa madirishani waliona tu mama kilema anahangaika sakafuni na kijana mwenye nguvu.

"Thierry, muhurumie," mwanamke mmoja akalia. "Muhurumie mama wa bantu."

Thierry alikuwa amekaza meno. Hakutaka kugonga. Kazi ilikuwa pale, ukumbi ulikuwa pale, na alishikilia kuliko anavyopaswa mtu kushikilia. Godeliva akaegemea kidogo tena. Ndipo Thierry akapaza sauti kuelekea dirishani:

"Munaniambia miye nimuhurumie. Mumuambie yeye anihurumie."

Akagonga mara mbili. Godeliva akaachia papo hapo.

Bi Tiyamike hakulia safari hii. Alimletea mkanda mkononi, akapiga magoti kuufikisha kiunoni. Mmoja wa wakubwa wake akanivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini kama kijana hakujilaza, maana alikuwa na mwili mkubwa hivyo. Nikamwelekeza kwa Thierry akamuulize mwenyewe. Thierry alikuwa amekaa ukutani, ameshika kiwiko, rangi imemtoka, na hakuwa na hamu ya kujibu maswali.

Ninyi mnaojifunza kwa Godeliva sasa mnajua yaliyobaki. Thierry ni msaidizi wake, na hakuna anayemtii kuliko yeye. Alichelewa kugonga siku ile, na ule mkono haujanyooka tena mpaka mwisho. Ndiyo maana wageni kutoka City Centre wakija na kuuliza kwa sauti ya huruma ni nani hapa mwenye ulemavu, Godeliva anaendelea na darasa lake, na Thierry ndiye anayeinua mkono, hadi pale unapofika.